Wasomaji Wauliza: Apdeti imegoma, usikimbilie kupiga Windows upya

Barua nyingi za safari hii zinazungumzia jambo moja: kompyuta ya nyumbani imeanza apdeti na haikumaliza. Tumechagua sita ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Ukituandikia, tuambie mambo mawili. La kwanza ni hatua ambayo apdeti imegomea: wakati wa kupakua, wakati wa kufunga Windows ikiwa bado imewaka, au baada ya mashine kuzima na kuwaka tena. Dawa za hatua hizo hazifanani. La pili ni namba ya kosa kama ilivyo, ile inayoanza na 0x. "Imeniandikia era" haitusaidii sisi wala fundi wako.

Majina ya menyu tumeyaacha kwa Kiingereza jinsi yanavyoonekana kwenye skrini, maana ndivyo mashine nyingi za huku zilivyofungwa.

Umeme umekatika katikati ya apdeti

*Habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani ya HP yenye Windows 11, watoto wanaitumia kwa masomo. Ilikuwa kwenye apdeti, imefika asilimia 35, umeme ukakatika. Uliporudi ikaandika "Undoing changes made to your computer", ikajizima, ikawaka, ikaandika maneno yale yale. Tangu hapo inazunguka tu. Fundi anasema lazima apige Windows upya na kila kitu kitafutika. Picha za marehemu mama yangu zimo humo na sina kopi nyingine.* — Mama wa Nkuhungu, Dodoma

Pole mama. Mwambie fundi asubiri kwanza. Kwa kawaida apdeti haigusi folda ya Users, ambamo picha na nyaraka zako zimekaa. Umeme ukikatika hapo, kwa kawaida kinachoharibika ni faili za Windows yenyewe. Kitakachozifuta picha ni huko kupiga Windows kwa haraka.

Apdeti ya Windows inakwenda kwa awamu mbili. Ya kwanza inafanyika huku unatumia mashine: faili mpya zinapakuliwa na kupangwa pembeni. Ya pili inasubiri mashine izimwe, ndipo faili za zamani zinapotolewa na mpya kuingia, kwa kufuata orodha ya kazi ambayo Windows imejiandikia. Umeme ukikatika kwenye awamu hii, mashine ikiwaka inakuta orodha haijaisha, inaamua kurudi nyuma. Hayo ndiyo maneno unayoyaona. Na kurudi nyuma nako kukikatizwa, aidha na umeme au na mtu aliyechoka kusubiri akachomoa waya, basi inabaki kwenye mzunguko.

Kwa wasomaji wengine ambao maneno hayo yametokea kwa mara ya kwanza, hatua ya kwanza haina ufundi wowote: subirini. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, saa mbili au tatu ni jambo la kawaida. Tazama taa ndogo ya diski mbele ya kasha. Ikipepesa, hata kwa kusuasua, kazi inaendelea. Iache usiku mzima, lakini kabla ya kulala angalia uniti za LUKU. Kompyuta ya mezani na skrini yake kwa muda wa saa nane zinakula kama uniti moja, na uniti zikiisha saa tisa usiku utaamka kwenye tatizo lile lile. Kwako wewe mama, mashine imeshajizima na kuwaka mara nyingi, hivyo kusubiri kumetosha.

Chomoa kila kitu cha USB isipokuwa kibodi na mausi: printa, modemu, flashi. Washa. Ukiona nembo na vidoti vinavyozunguka, shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 10 mpaka izime. Rudia mara mbili au tatu. Windows ikiona imeshindwa kuwaka mfululizo inafungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Bofya Advanced options, kisha Troubleshoot, kisha Advanced options tena. Ikikataa kufika hapo, tengeneza flashi ya Windows kwenye kompyuta nyingine kwa programu ya Microsoft iitwayo Media Creation Tool. Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na isiwe na kitu unachokihitaji kwa sababu itafutwa yote. Uwashe mashine kwa flashi hiyo (F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo) na uchague kurekebisha kompyuta, si kufunga upya.

Kabla ya kurekebisha chochote, toa picha. Chomeka diski ya nje, fungua Command Prompt (dirisha jeusi la kuandikia amri, limo humo humo kwenye Advanced options), andika `notepad` na ubonyeze Enter. Kwenye Notepad nenda File, kisha Open, na pale chini penye "Text Documents" badilisha iwe "All Files". Hapo una dirisha la kuona diski zote. Herufi za diski huku huwa zinahama: iliyokuwa C: yaweza kuwa D:. Tafuta ile yenye folda za Windows na Users kwa pamoja. Bofya folda ya picha kwa kitufe cha kulia, Copy, nenda diski ya nje, Paste. Haitaonesha asilimia yoyote na dirisha litaonekana limeganda. Usiliguse, linanakili.

Kama vitu ni vingi, amri hii ni bora zaidi (tukichukulia Windows iko D: na diski ya nje ni E:):

`robocopy D:\Users E:\Akiba /E /XJ /R:1 /W:1`

Hizo alama za mwisho zina kazi. /XJ inaizuia amri isiingie kwenye njia za mkato za ndani ambazo huirudisha kwenye folda zile zile bila kikomo. /R:1 na /W:1 zinaiambia ijaribu faili bovu mara moja zaidi tu, kwa kusubiri sekunde moja. Usipoziweka, robocopy imepangwa kujaribu mara milioni moja, kila mara ikingoja sekunde 30.

Mashine inaweza kukudai ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski nzima, wenye tarakimu 48. Kompyuta nyingi zenye Windows 11 hufungwa hivyo bila mwenyewe kujua, mara tu alipoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo unapatikana kwa simu kwenye account.microsoft.com/devices/recoverykey, kwa akaunti ile ile iliyotumika kuiwasha mashine siku ya kwanza. Bila ufunguo huo hakuna fundi atakayezitoa picha, kwa hiyo muulize aliyekuuzia au aliyekufungia alitumia barua pepe ipi.

Picha zikishatoka, kazi iliyobaki haina presha. Rudi kwenye Advanced options, chagua Uninstall Updates, halafu "Uninstall latest quality update". Hiyo ni apdeti ya kila mwezi. Kama ilikuwa ile kubwa ya toleo jipya, chagua "latest feature update". Ikigoma, rudi kwenye Command Prompt:

`dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions`

Amri hiyo inaifuta ile orodha ya kazi isiyoisha, na ndiyo inayovunja mzunguko mara nyingi. Ni ya mashine isiyowaka pekee. Usiitumie kwenye kompyuta inayofanya kazi. Kisha:

`chkdsk D: /f`

`sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows`

Yote yakishindikana, kuna Reset this PC yenye chaguo la "Keep my files". Inaondoa programu ulizofunga lakini inaacha folda yako. Itakuuliza "Cloud download" au "Local reinstall". La kwanza linapakua zaidi ya GB 4, kwa hiyo mwenye bando dogo achague la pili. Kupiga Windows upya kwa kufuta diski ni baada ya hapo, na wakati huo picha zako ziko salama kwenye diski ya nje.

Mashine ikiwaka, usirudie apdeti siku hiyo hiyo. Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator" na uendeshe hizi mbili, kwa mpangilio huu:

`dism /online /cleanup-image /restorehealth`

`sfc /scannow`

Ya kwanza inahitaji intaneti kwa sababu inachukua faili nzima kutoka Windows Update, na ina tabia ya kusimama muda mrefu kwenye 62.3%. Iache. Ya pili inatumia akiba ambayo ya kwanza imeisafisha, ndiyo maana kuigeuza mpangilio hakuna faida.

Halafu pima diski kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Angalia mistari miwili: Reallocated Sectors Count na Current Pending Sector Count. Ikiwa na kitu zaidi ya sifuri na neno Caution limetokea, badilisha diski kwanza. Apdeti inaandika maelfu ya faili kwa mpigo, lazima itakanyaga pale palipooza.

Kuhusu UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika: ya VA 650 yenye betri moja ya volti 12 na Ah 7 itakupa kama dakika 10 kwa kompyuta ya mezani ikiwa betri ni mpya. Hizo zinatosha kuvuka umeme unaokatika na kurudi, au kuzima kwa heshima, lakini hazimalizi apdeti. Betri hizo huchoka kwa miaka miwili au mitatu. Ijaribu kwa kuchomoa plagi ukutani siku ambayo hujafungua kazi yoyote ya maana, na usiunganishe printa ya leza kwenye UPS.

Tarehe inarudi nyuma

*Wahariri, nina Dell OptiPlex niliyonunua ikiwa imetumika. Nikiiwasha asubuhi tarehe inakuwa ya miaka mingi nyuma, Windows Update inagoma hapo hapo na 0x80072F8F, na tovuti nyingi zinadai si salama. Nikirekebisha tarehe inapona, mpaka nizime swichi ya ukutani. Nimeambiwa bodi kuu imekufa.* — Mwalimu, Kongwa

Bodi haijafa, mwalimu. Umeshajitibu nusu kwa kutaja swichi ya ukutani. Plagi ikiwa na umeme, bodi inaitunza saa yenyewe hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ukizima ukutani, kazi hiyo inabaki kwa betri ndogo ya kifungo, na ya kwako imeisha. Windows Update inazungumza na seva za Microsoft kwa vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayodhani ni miaka 10 iliyopita inaona cheti bado hakijaanza kutumika, inakikataa.

Nunua CR2032 ya volti 3. Namba hiyo ni vipimo vyake: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2. Usikubali CR2025. Ina upana ule ule lakini ni nyembamba, italegea kwenye kikalio chake.

Kabla ya kufungua kasha, washa ukibonyeza F2 ili uingie kwenye mipangilio ya bodi, na utafute mstari wa SATA Operation, unaosema bodi inavyozungumza na diski. Andika kwenye karatasi kama ni AHCI au RAID On. Hili wengi hawalifanyi. Betri ikitoka, bodi inaweza kusahau mipangilio na OptiPlex nyingi hurudi kwenye RAID On. Kama Windows yako ilifungwa kwa AHCI, itakutolea skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE na utadhani umeharibu kitu, kumbe ni mstari mmoja tu wa kurudisha.

Sasa zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde tano ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa kasha, sukuma kibanio cha betri kwa kucha au bisibisi bapa, betri itachomoza. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Na kwa kuwa umeshafungua, na vumbi la kiangazi cha huku tunalijua, pitisha brashi laini kwenye feni na mapezi ya prosesa huku umeishikilia feni isizunguke. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia.

Rudisha kila kitu, F2 tena, weka tarehe na saa (angalia kama mwezi unatangulia siku), linganisha SATA Operation na karatasi yako. Ndani ya Windows, kwenye saa za eneo chagua (UTC+03:00) Nairobi. Dodoma haimo kwenye orodha. Kisha jaribu apdeti.

Bando la GB 10 limeyeyuka usiku mmoja

*Nina steshenari hapa Majengo, kompyuta nne na rauta moja ya laini ya simu. Naweka bando la GB 10, asubuhi halipo. Apdeti nazo hazimaliziki, zinafika katikati zinaanza upya. Nifanyeje bila kuzima apdeti kabisa?* — Mwenye steshenari, Majengo

Ndugu, mashine nne zinapakua kitu kile kile mara nne. Apdeti ya kila mwezi ya Windows 11 ni mamia ya MB na mara nyingine inavuka GB moja. Toleo jipya la mwaka likiamua kuja lote ni GB kadhaa. Zidisha kwa nne.

Kwenye kila mashine ingia Settings, Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization. Ruhusu kupakua kutoka mashine nyingine, lakini chagua "Devices on my local network" peke yake. Hapo kompyuta moja ikipakua, nyingine zinaweza kuchota kwake kupitia rauta bila kugusa bando. Ukiacha chaguo la pili, lile linalotaja na intaneti, mashine zako zinaweza kuwa zinawapelekea watu usiowajua vipande vya apdeti kwa bando lako.

Kisha teua mashine moja iwe ya kupakua. Kwenye zile tatu, ingia Settings, Network & internet, fungua sifa za mtandao mnaotumia na uwashe Metered connection. Windows ikiona hivyo inaacha kupakua apdeti nyingi mpaka uiruhusu. Mpangilio huu unakaa kwenye mtandao husika, si kwenye kompyuta nzima. Siku ukibadilisha rauta au ukiwasha hotspoti ya simu, mashine inauona kama mtandao mgeni na inaanza kunywa bando upya. Mashine moja ikishamaliza, zima Metered connection kwenye zile tatu, moja baada ya nyingine, zikiwa zote zimewaka.

Kujua nani amekula, tazama Data usage humo humo kwenye Network & internet. Mara nyingine apdeti inasingiziwa, kumbe ni OneDrive inapandisha folda ya picha za paspoti za wateja.

Kuhusu kuanza upya katikati: upakuaji ukikatwakatwa, vipande vilivyoshuka vinaweza kuharibika na Windows inaendelea kuvijaribu vile vile. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

`net stop wuauserv`

`net stop bits`

`ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old`

`net start bits`

`net start wuauserv`

Windows itatengeneza folda mpya na kupakua kuanzia mwanzo. Ile ya .old uifute apdeti ikishakubali. Usikimbilie amri hii kila apdeti inapochelewa, kwa sababu inatupa hata vile vilivyoshuka salama.

Njia nyingine ni kuchukua faili kwa flashi kutoka mahali penye intaneti ya uhakika. Bonyeza Windows na R, andika `winver`, uone toleo lako. Tafuta namba ya apdeti, ile inayoanza na KB, kwenye catalog.update.microsoft.com na upakue ya x64 yenye toleo lako. Kuanzia toleo la 24H2, ukurasa huo unaweza kukupa faili zaidi ya moja kwa KB moja. Zichukue zote na uziweke kwenye folda moja kabla ya kufunga, la sivyo itakuambia apdeti haihusiani na kompyuta yako.

Nafasi haitoshi

*Laptopu ndogo ya mwanangu ina GB 64 tu. Apdeti inakataa kwa 0x80070070. Nimefuta kila kitu. Je, niifute folda ya WinSxS? Naona imekula nafasi kubwa.* — Baba wa mwanafunzi, Singida

Usiiguse kwa mkono. Ukubwa unaouona ni wa kudanganya. Faili nyingi za WinSxS ni zile zile zilizo kwenye folda nyingine za Windows, zinahesabiwa mara mbili. Ukizifuta, hakuna apdeti itakayofungika tena. Isafishe kwa amri yake:

`dism /online /cleanup-image /startcomponentcleanup`

Halafu Settings, System, Storage, Temporary files, uweke alama kwenye Windows Update Cleanup na Previous Windows installations kama ipo. Soma kabla ya kukubali: kwenye orodha hiyo hiyo kuna Downloads, na wengi wamefuta vyeti vyao vya shule hapo. Amri `powercfg /h off` inaondoa faili ya kulalia, ambayo inakula GB kadhaa kulingana na RAM. Utapoteza kule kuwaka haraka, basi.

Bado haitoshi? Apdeti kubwa ikikosa nafasi mara nyingi inakupa chaguo la kutumia diski ya nje kwa muda. Chomeka flashi ya GB 16 isiyo na kitu na usiichomoe mpaka mashine imalize kuwaka na kukufikisha kwenye skrini yako.

Ubuntu nayo

*Shikamooni. Laptopu yangu ya Ubuntu 24.04 iliisha chaji nikiwa kwenye apt upgrade. Sasa inaandika "unable to mount root fs" na kusimama.* — Mwanafunzi, UDOM

Marahaba. Kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, imeingia lakini faili yake ya kuwakia, initramfs, haijatengenezwa. Ile ya zamani bado ipo. Washa ukigongagonga Esc, chagua Advanced options for Ubuntu, kisha kerneli yenye namba ndogo kuliko ya juu kabisa. Ikiwaka, chomeka chaja na uangalie `df -h /boot` kwanza. Kama imejaa, endesha `sudo apt autoremove --purge`; ikikataa kwa sababu dpkg, programu inayofunga programu nyingine, ilikatizwa, anza na amri ya kwanza hapa chini kisha uirudie. Halafu:

`sudo dpkg --configure -a`

`sudo apt --fix-broken install`

`sudo update-initramfs -u -k all`

`sudo update-grub`

Ikikuambia kuna programu nyingine imeshika kufuli ya dpkg, subiri dakika chache. Ni apdeti za kujiendesha zinafanya kazi nyuma. Ushauri wa kufuta faili ya kufuli unaousikia mabwenini ndio unaoleta uharibifu wa pili.

Kulazimisha Windows 11

*Fundi wa mtaani anasema ataiweka Windows 11 kwenye OptiPlex 7010 yangu kwa njia ya mkato kwa sababu Windows 10 imekufa. Nikubali?* — Msomaji, Kisasa

Windows 10 haijafa, imeacha kupewa apdeti za usalama za kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuwaka kama jana. Kwa kompyuta za nyumbani kuna nyongeza ya ulinzi mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Uwe kwenye toleo la 22H2 na uingie kwa akaunti ya Microsoft, kisha utafute kiungo cha Enroll kwenye ukurasa wa Windows Update. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi kitu. Vinginevyo ni dola 30 au pointi 1,000 za Microsoft Rewards.

Kuhusu njia ya mkato, tazama kwanza prosesa, si jina la kasha, kwa sababu Dell wamelitumia jina OptiPlex 7010 mara mbili: ya mwaka 2012 na nyingine ya 2023. Ingia Settings, System, About. Ikiwa ni i5-3470 au jamii yake, hiyo 3 ya mwanzo ni kizazi cha tatu, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Kwa kulazimisha itawaka, na apdeti za kila mwezi huenda zikaingia, ila Microsoft hawaahidi hilo. Toleo jipya la kila mwaka halitakuja lenyewe, hivyo utamrudia fundi kulazimisha tena, na apdeti ikigoma hatujui dawa itakayodumu.

Sisi tungekaa na Windows 10 na ile nyongeza mpaka Oktoba 2026, au tungeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kama kazi zako ni intaneti, nyaraka na filamu. RAM iwe GB 8, na diski ya kuzunguka uitoe uweke SSD, diski isiyozunguka. Mashine hiyo itakushangaza.

Ukiamua kununua nyingine iliyotumika, tafuta i5-8500 au inayofanana nayo. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, abonyeze Windows na R, aandike `tpm.msc`. Kwenye kona ya chini ya dirisha, penye Specification Version, pasomeke 2.0 kabla hujatoa hela.